Fimbo ya Dozi

Jumatatu, 9 Juni

Vidonge vya kichocho, daftari, maji ya kunywa. Nimefunga mzigo kwenye pikipiki kabla ya jua. Kutoka Same mjini hadi kambi ya wavuvi bwawani ni vumbi na mashimo, na mgongo wangu wa miaka sabini na minne umelalamika njia nzima. Nilistaafu utabibu hospitalini. Kanisa likaniomba niwahudumie watu wa bwawani. Nikakubali. Siku kama ya leo najuta.

Nilifika nimechelewa. Uji wa watoto ulikuwa bado jikoni. Nikaamua kugawa dawa kwanza.

Kambini hakuna mizani, kwa hiyo tunatumia fimbo ya dozi: mti mrefu uliopakwa mistari, kila mstari na namba yake. Mtu anasimama, na pale kichwa kinapofika ndipo ilipo idadi ya vidonge vyake. Urefu unasimama badala ya uzito. Fimbo hulala kwenye kabati la kanisa dogo la kambi, na ufunguo anao Mama Nakijwa, anayelitunza kanisa hilo.

Sikufika hata nusu ya foleni. Watoto wakaanza kutapika. Mmoja, wawili, kisha kundi zima. Vizunguzungu, matumbo kunyonga. Masunga, fundi wa nyavu aliyetoka Usukumani, akamtoa binti yake Kabula kwenye foleni akimshika mkono. Kabula ana miaka tisa na anakojoa damu. Ni kwa ajili yake hasa nilikwenda.

Nimerudi sijamtibu.

Jumanne, 10 Juni

Mwenyekiti wa kambi amepiga simu. Watoto wote wameamka salama, wanacheza. Lakini watu wanasema nimewalisha sumu. Baadaye ofisi ya kanisa nayo ikapiga: nikae nyumbani mpaka watu watulie.

Watatulia Jumamosi. Jumamosi bwawa linafungwa ili samaki wazaliane, na kila mvuvi atapanda lori kwenda zake. Masunga ataondoka na Kabula, na huko aendako hakuna atakayejua kuwa yuko mtoto wa kutafutwa. Kichocho hakina haraka. Kinaharibu kibofu taratibu, miaka na miaka, ndiyo maana watu hukidharau. Kambini wapo wanaosema mtoto kukojoa damu ni kukua tu. Nimewaeleza habari za konokono na vijidudu vya majini mpaka koo limekauka.

Nina hasira na wavuvi. Nina hasira na ofisi. Nimevunja kikombe. Sikukusudia. Labda nilikusudia.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda. Ofisi itajua yenyewe.

Vijana wanaoanika dagaa wamenipa jina: Babu Kizunguzungu. Mmoja alipepesuka kama mlevi niliponyanyua mkono kusalimia, wenzake wakaangua kicheko. Sikucheka.

Masunga nilimkuta anaziba tundu la wavu. Nikamweleza kila kitu, kwa utaratibu, kama nilivyozoea. Kwamba kutapika si sumu. Kwamba dawa ikikutana na tumbo tupu huleta kichefuchefu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema bila kuinua macho, "Shikamoo yako nakupa, Mzee. Mtoto sikupi."

Kabula alikuwa amekaa nyuma yake, anatazama miguu yangu.

Nikaenda kanisani kupumzika. Nikaegemea fimbo ya dozi, iliyokuwa bado nje ya kabati, ukutani, tangu juzi. Kila mwaka hujipima mbele ya watu kuwaonyesha mfano, na kila mwaka kichwa changu huishia kwenye namba nne. Juzi niliruka mfano kwa sababu ya haraka. Leo kichwa kimeingia kwenye tano.

Mtu wa umri wangu hupungua. Harefuki.

Nikaigeuza fimbo. Chini kuna alama mpya za msumeno. Imepungua shubiri nzima. Maana yake kila mtoto niliyempima alionekana mrefu kuliko alivyo, na akameza dawa kuliko kipimo chake.

Kwa hasira sikuweza kuandika pale pale. Naandika nyumbani.

Alhamisi, 12 Juni

Ni Mama Nakijwa.

Kabati lilikuwa halifungi. Fimbo ilizidi, mlango ukabaki wazi, naye aliogopa watoto wataichezea. Basi akaazima msumeno. Niliposikia hivyo nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anaona fahari. "Nilikata chini, Mzee," akasema. "Juu kuna namba."

Mama huyu anafagia kanisa kila siku, hajawahi kupoteza hata kiberiti. Nami nikamfokea. Mbele ya wanawake wanaobanika samaki, nikamwambia ameumiza watoto kwa ujinga wake. Aliingia ndani, akarudi na kipande kilichokatwa. Alikuwa anakitumia kushikiza dirisha lisigonge. Alinipa kwa mikono miwili.

Njiani kurudi hasira ikabadilisha mwelekeo. Nani alipaswa kuikagua fimbo? Mimi. Nani aligawa dawa kabla ya uji? Mimi, kwa sababu nilichelewa na sikutaka kuonekana nimechelewa. Miaka yote hii nafundisha wengine. Mjinga ni nani?

Ijumaa, 13 Juni

Nimesimama mbele ya kambi nzima, nikawaonyesha fimbo na kipande. Nikamwomba radhi Mama Nakijwa hapo hapo, nikiwa wima, watu wakisikia. Nikawaambia kosa la kutokagua ni langu, na la uji ni langu. Nikamaliza. Kwa mara ya kwanza sikuongeza maelezo.

Kisha Masunga akasogea, akavichukua vile viwili mikononi mwangu. Akaviunganisha juu ya goti, akaangalia kama mti unalingana na mti. Akatoa uzi wa nyavu mfukoni, akaweka vijiti viwili pembeni na kufunga, mzunguko juu ya mzunguko, akivuta kwa meno. Alipomaliza akaisimamisha, akaigonga chini. Haikuyumba.

"Jipime wewe kwanza," akaniambia.

Nikajipima. Nne.

Mama yake Kabula akaleta ugali na sato. Mtoto akala, nikingoja, mpaka akasukuma sahani. Kisha Masunga mwenyewe akamsimamisha kwenye fimbo. Vidonge viwili. Akavimeza. Kwa ile iliyokatwa vingekuwa viwili na nusu.

Tukakaa tukimtazama. Masunga hakuniangalia hata mara moja. Muda mrefu sana. Kabula akasinzia kidogo, akaamka, akauliza kama samaki wamebaki.

Jumamosi, 14 Juni

Lori limeondoka saa nne. Masunga alikuwa juu ya mizigo ya nyavu. Nimempa karatasi ya kuonyesha kituo chochote cha afya aendako, Kabula apimwe tena. Ameikunja, ameiweka kwenye kofia. Kabula amenipungia mkono.

Kambi tupu. Mitumbwi imepinduliwa.

Kabati halifungi tena, kwa hiyo Mama Nakijwa amepigilia misumari miwili ukutani na kuilaza fimbo juu yake. Nilikuwa nimemkatia kijiti cha mwarobaini. Akakijaribu dirishani. Kimetosha.

Akanikaribisha chai. Nimekunywa.