Mwana wa Pekee Hatolewi

Alhamisi, 8 Novemba 1934

Sadu atatolewa! Mama mwenyewe ameniambia, akichambua mchele bila kuniangalia. Bibi Umabai wa mjini Satara, mjane tajiri asiye na mtoto, anataka mdogo wangu awe mwanawe. Baba Mkubwa ameshakubali. Ameshakubali — kana kwamba Sadu ni ndama! Baba angekuwa hai, nani angethubutu?

Mama anasema Sadu atakula samli kila siku. Nikauliza: na fungu la Baba katika mashamba? Akatupa chuya, akaokota nyingine. Mtoto akishatolewa hana chake tena katika ukoo aliozaliwa. Yote yatabaki kwa Baba Mkubwa na wanawe. Sadu ana miaka mitano. Anajua samli tu.

Ijumaa, 9 Novemba

Mwalimu Barve amenionyesha mstari wenyewe wa sheria yetu ya Kihindu, kwa Kisanskriti. Nimeutafsiri mara mbili nisije nikakosea. Mwana wa kiume wa pekee asitolewe wala asipokelewe, na Baba hakuacha mwana wa kiume ila Sadu. Wazi kama mchana!

Jumapili, 11 Novemba

Nilimsomea Baba Mkubwa wakati wa chai. Alicheka mpaka chai ikampalia.

"Njooni mwone wakili wa misuko miwili! Majaji wa London walishaamua kabla sijaota ndevu, binti: huo mstari ni nasaha, si kufuli. Jambo likishatendeka, maandiko mia hayalitengui."

Yaani ni kosa — lakini ukiwahi, ni halali! Sheria gani hiyo, inayomngoja mwizi amalize ndipo imsalimie?

Nikachukua laddu la mwisho, lile donge tamu, sahanini mwake, nikalitia lote kinywani. "Limeshaliwa, Baba Mkubwa. Maandiko mia hayalirudishi."

Kofi lilinifikia kabla sijameza. Mama aliinamisha kichwa, lakini niliuona mdomo wake. Alikuwa akizuia kicheko!

Baadaye nikamwambia: Baba hayupo, mwenye kumtoa Sadu ni wewe tu, kwa mikono yako. Karatasi za Baba Mkubwa hazitoshi. Lisilotendeka halijatendeka. Akaniambia nikasuke nywele.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimefungiwa ghalani nisiwatie aibu. Naandika nikichungulia kwenye ufa wa mlango. Moto wa kuhani unawaka. Sadu amevikwa hariri, analia, kofia ya dhahabu inambana. Bibi Umabai amekunjua mikono yote miwili. Si mwanamke mbaya. Hilo nalo linaniudhi!

Kuhani: "Mama, sema, nampa."

Mama anamtazama Sadu tu.

"Shemeji," Baba Mkubwa anatabasamu kwa wageni, "kina mama bwana, machozi kwanza! Haya, sema basi."

Kuhani anarudia, kwa sauti ya juu, kama anayesema na kiziwi. Mama amemvuta Sadu mapajani. Anamvua kofia, taratibu, anamfuta jasho.

Sasa amenyoosha mikono — yenye kofia.

Bibi Umabai hajui aipokee au asiipokee. Kuhani anamtazama Baba Mkubwa. Mikono ya Mama bado iko hewani na kofia, na Sadu bado yuko mapajani mwake, hajatolewa.