Jua Lilizama, Ukabaki na Akili Zako

Mdogo wangu,

Leo binti yangu amerudi kutoka masomo akiimba wimbo wako. Ni uleule wa animation, pale shule nzima ilipopangwa mbele ya bendera tukicheza na kukisifu Chama kinachotutawala, kisha katikati ya sifa unaingia ule ubeti: anayevuta bangi, jua halizami kabla hajawa mwehu. Wewe ndiye uliyeongoza. Mama aliacha kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, ili akusikilize.

Siku ulipovuta na rafiki zako kule relini, karibu na mto Lukuga, ulirudi ukanishika mkono mimi dada yako mkubwa, tutazame jua likishuka nyuma ya vilima.

"Yaya, jua imeingia. Niangalie. Niko na wazimu?"

"Hapana. Uko na macho nyekundu tu."

"Basi wanatudanganya. Yote ni uongo!"

Tukacheka mpaka Papa akatoka nje kuuliza kuna nini. Hilo neno "yote" linaniuma hadi leo. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Ya hao waliotufundisha wimbo ilikuwa fupi kweli, iliishia pale relini, na wewe ukaendelea peke yako. Wimbo ulikataza pia vidonge na lutuku, ile pombe kali ya mihogo, lakini nani angeuamini tena? Papa alipokuonya ulimjibu kwa kuimba ubeti huohuo, ukikata kiuno, na yeye mwenyewe akashindwa kuzuia kicheko.

Halafu ikaja ile Jumapili. Ulimeza vidonge vya usingizi, ukateremshia na lutuku, ukalala kwenye mkeka wa Mama. Tulikusikia ukikoroma, tukasema acheni apumzike. Ulipokoma kukoroma tulifurahi kwamba umetulia.

Muuguzi wa dispensari alimwambia Papa: "Kidonge inalegeza pumzi. Lutuku nayo inalegeza. Vikikutana, pumzi inasimama." Maneno machache hivyo, bila ngoma, na tuliyasikia ukiwa umeshafunikwa shuka. Sijui kama ungeyafuata, maana kichwa chako kilikuwa kigumu kama jiwe la kusagia. Lakini ungekuwa umeambiwa. Nina hasira, mdogo wangu, na sina wa kumpelekea.

Basi leo binti yangu akaniuliza, "Mama, njo kweli? Jua haizame?"

Nikaweka chini kisu nilichokuwa nikikatia mboga. "Hapana, mama. Si kweli." Nikamweleza bangi inavyomchosha mtoto akili na kumtoa kwenye masomo pole pole, kisha nikamweleza vidonge na lutuku vikikutana. Nikamwonya asiyarudie mbele ya bendera, maana unajua mambo yetu, Chama hakikosolewi. Kesho ataimba tena, ni lazima, na sauti aliyo nayo ni yako.

"Nani alikuambia hii yote?" akauliza.

Tangu azaliwe sikuwahi kuweza kulitamka jina lako mbele yake. Nikalitamka.

Pumzika, mtoto wa mama yangu. Sasa anakujua.

Yaya wako