Damu Yako Nimeidai Mimi

Mume wangu Mutua,

Wewe mtoto huna adabu. Tangu tukuzike kule Ukambani mvua zimenyesha misimu miwili, na hujanijia ndotoni hata mara moja. Mama Beti hapa jirani anaota mbuzi wa marehemu babake, tena mbuzi anamsalimia. Mimi niliyekuosha masikio hadi ukaota ndevu sina hata ndoto moja. Ni nini huko kinachokushinda kuja? Au unaona haya? Kama ni haya, keti nikupe habari, halafu tutaona nani wa kuona haya.

Kalamu siijui, hilo unalijua. Shule niliiona kwa nje nikipitisha mbuzi. Kuna mtu ananiandikia. Nitamtaja nikifika mahali pake, usinikimbize.

Ulipozaliwa ukapewa jina la babu yako, marehemu mume wangu, na kwa desturi yetu nawe ukawa mume wangu siku hiyo hiyo, ukiwa na uzito wa kuku. Ploti nzima ya hapa Mowlem, Nairobi, mlango kwa mlango, ilijua. Simiti, yule rafiki yako aliyekuwa akila plasta ya ukuta mpaka jina likamganda, ndiye uliyekuwa ukimtuma kwangu mimi nyanya yako: "Shosho, mumeo anasema ana njaa." Nami najibu, "Mwambie mume mwenye njaa huchota maji kwanza." Ulikuja na ndoo, ukicheka.

Halafu wewe na Simiti mkaacha ndoo mkashika panga. Sitakupamba eti kwa sababu umekufa. Mliwanyang'anya watu simu, na kuna mama alirudi kwake na kidonda mkononi. Nilikwambia panga halimjui mwenyewe. Ukanibusu kipaji cha uso: "Bibi yangu, acha wasiwasi." Basi genge la ng'ambo ya mto, mliokuwa mkigombana nao, wakakungoja kwenye kona ya kinu cha kusagia unga. Nilikukuta na kiatu kimoja. Kile kingine nilikitafuta kwenye mtaro mpaka nikakipata. Sikutaka uzikwe nusunusu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi akaja Ouma. Ouma wa mlango wa nne, mliyekuwa mkivaa naye sweta moja ya shule kwa zamu. Alipiga magoti hapa jikoni akasema ni yeye aliyewaambia wale wa ng'ambo utapita wapi. Walimpa achague, wewe au mamake. Nilimpiga kwa mwiko, Mutua. Nilimpiga hadi mwiko ukavunjika, naye hakuinua mkono kujikinga. Kisha nikakaa chini nikalia, na yeye akaokota kipande cha mwiko, akaendelea kusonga ule ugali niliokuwa nikipika, usiungue.

Jumapili iliyofuata nimetoka kanisani, hata kitambaa sijavua, Simiti akaingia na wenzake wanne. Mchana kweupe. Walikuwa wamesikia kuna mtu aliyekuuza. Akakikalia kile kigoda ulichochonga kwa patasi za babu yako, chenye mguu mmoja mfupi. Akapinduka, miguu juu! Yeye, wa kukisahau kigoda hicho alichokizoea! Mwenzake mmoja alicheka, kisha akajikumbuka akanyamaza.

"Shosho," Simiti akasema akijipangusa, "tupe jina tu. Tutamaliza."

Ouma alikuwa nyuma ya pazia, kando ya kitanda changu. Nilimsikia akipumua.

Ningeweza kudanganya, lakini mimi na uongo hatujazoeana, ningekosea tu. Nikasema, "Jina ninalo. Mwenyewe ninaye pia, yuko nyuma ya pazia hilo."

Simiti akainuka. Nikasimama mbele yake, kichwa changu kikamfika kifuani. "Nyinyi wote hapa, nani aliolewa na Mutua?"

Yule aliyecheka akarudi nyuma hatua moja, nami nikaendelea:

"Damu ya mume inadaiwa na mjane. Mjane ni mimi, na shahidi ni wewe Simiti, uliyetuletea ujumbe tangu una meno ya utotoni. Nimeshadai. Huyu atakaa hapa kwangu, macho yangu yakimwona. Atashika zile patasi alizoziacha mume wangu. Siku nikifa atabeba jeneza langu upande wa mbele. Ukimgusa, umemwibia mjane."

Alinitazama mpaka macho yakamlowa. "Shosho, wewe ni noma." Akafika mlangoni akageuka. "Lakini nje ya geti, siahidi kitu."

Nje ya geti basi tunatoka wawili. Kila asubuhi namshika Ouma mkono, mtu mzima mwenye ndevu, tunapita mbele ya Simiti na kundi lake hadi stejini, anapopanda gari kwenda Industrial Area kwenye karakana ya mbao. Jioni nakwenda kumpokea. Wiki za kwanza walitema mate chini. Juzi Simiti akasema, "Shosho, mzigo wako umenenepa." Nikamjibu patasi ziko nyingi na mikono ya Ouma ni miwili tu. Hajaja bado. Atakuja. Huyo namjua tangu enzi za plasta.

Sasa nimefika mahali pake. Mkono unaoandika barua hii ni wa Ouma. Nilimwambia asiruke neno hata moja. Alipofika kwenye kiatu aliweka kalamu chini, akatoka nje. Nilimngoja. Akarudi, akaandika.

Usidhani nimekubadilisha. Mume wa pili hakuna, Ouma namwita Ouma. Na nakuahidi hivi: maadamu magoti yangu yanakunjika, sitatafuta tena kiatu cha mtoto wa ploti hii mtaroni.

Pumzika, mume wangu, na umsalimie huyo mzee uliyepewa jina lake. Lakini kuja, uje. Na ukija usianzie kwangu, mimi nalala vizuri. Ouma ndiye asiyelala. Yuko kwenye kitanda chako, nakisikia kikilia mpaka alfajiri. Mpitie yeye kwanza. Usisimame mlangoni kama askari. Kikalie kigoda chako, upinduke kama Simiti, acheke. Akishalala, ndipo uje kwangu. Chakula chako nitakuwa nimekifunika.