Chai Niliyommiminia Mwanasha

Jumatano, baada ya swala ya alfajiri

Wengi hudhani madini ya chuma yakishamezwa yamefika kwenye damu. La. Utumboni, protini iliyopenya utando wa seli huyashika, hujibadili umbo, kisha huyaachia ndani. Chai kali huyanasa kabla hayajaifikia.

Nimeyafundisha haya darasani miaka mingi. Na ni mimi niliyemmiminia Mwanasha, mke wa mwanangu, mjamzito, chai ya rangi kila jioni anywee vidonge vyake vya chuma. Jana kliniki wamekuta damu yake imezidi kupungua.

“Muuguzi alinikataza chai,” aliniambia.

“Mbona ukanyamaza, mwanangu?”

“Baba, ningeirudishaje chai ya mkono wako?”

Sikuwahi hata kumuuliza. Najiona…

Basi, mwalimu, leo kamua ndimu kwenye maji, isaidie chuma kupenya, umpe anywee vidonge.