Sweta la Kijani la Skola

Tanga, 16 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Mpe na Baba shikamoo yangu. Naomba miguu yake iwe imepungua kuvimba. Mimi mzima. Huku joto halipungui hata mwezi huu wa sita, na kila asubuhi natamani ule upepo wa huko nyumbani Msanzi unaopita chini ya mlango mpaka mnagombania kukaa karibu na moto. Wenzangu hapa jikoni kwenye shule ninakopikia wananicheka. "Mfipa wewe, kama umekumbuka baridi kalale kwenye friji!"

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumbani kila mtu anaisikiliza. Barua hii isome peke yako, polepole. Skola ndiye aliyeniomba niandike. Anasema akijaribu kukwambia mwenyewe, kinywa kinakuwa kizito.

Mama, mdogo wangu huyo hakwenda mjini Mazwi kumsaidia mama mdogo dukani kama ulivyoambiwa. Ile Jumapili mlipokuwa jumuiya nilimpigia, tukaongea ya kawaida, halafu akasema, "Dada, lile sweta langu la kijani nimempa Meri wa jirani."

"Mwezi wa sita huu? Wewe utavaa nini?"

"Mimi sitalihitaji."

Nilikaa palepale juu ya gunia la mchele. Unakumbuka marehemu kaka yetu Deo alivyogawa vitu vyake? Redio kwa mtoto wa baba mkubwa, njiwa kwa vijana wa kwaya, na sisi tukamtania kwamba anatafuta utakatifu. Naye akacheka pamoja nasi. Hatukujua tulichokuwa tunakiona.

Hapa shuleni muuguzi hutufundisha hata sisi wapishi, maana watoto wengine huja kulia jikoni. Alituambia kijana akianza kugawa vitu anavyovipenda na kuongea kama mtu anayeaga, tumuulize waziwazi, kwani kuuliza hakumpi wazo ambalo hana. Mimi bado nilikuwa nayasikia maneno ya baba mkubwa ya siku ya matanga, kwamba jambo alilojifanyia Deo lisitajwe tena nyumbani, litaita lingine kama hilo. Wote tulitii, kwa kuogopa. Lakini siku ile nilimuuliza, Mama. Nilimwambia, "Skola, mdogo wangu, unafikiria kujiua?"

Nilisikia kuku wenu wakiparua uani. Kisha akasema, "Nani kakwambia?" akalia, nami nikalia.

"Sitaki kufa, dada. Nimechoka tu. Tangu Deo nyumba imekuwa kimya, na matokeo ya mtihani yakaja vile. Nikaona mimi ni mzigo mwingine kwa Mama."

"Mzigo gani? Nimekubeba mgongoni miaka yote ile, shida yako ilikuwa kunikojolea tu."

"Wewe naye!" akasema, na akacheka katikati ya kilio.

Nikamwambia amwite Meri, asikae peke yake. Meri alikuja amelivaa lile sweta. Alipoambiwa, alilivua akamvalisha Skola mwenyewe, na akabaki naye. Mpishi mwenzangu, aliyenisikia nikiongea, alikuwa ameshampigia mama mdogo kwa simu yake, ndiyo maana ulimkuta nyumbani jioni ile, ukadhani ni matembezi. Kesho yake akaondoka na Skola hadi hospitali. Yupo daktari anayemsikiliza, na Skola anasema sasa usingizi umerudi.

Jumamosi anarejea nyumbani. Najua utaumia, lakini nakuomba usimwambie amepungukiwa imani, wala kwamba alitaka kukuua wewe kwa uchungu. Kaa naye. Muulize anaendeleaje, na akisema hali ni mbaya usiogope jibu, msikilize, kisha mrejee naye kwa daktari. Baba atoe vitu vyote vya hatari vya shambani, vikafungiwe kwa mama Meri. Asilale chumbani peke yake kwanza.

Na Deo tumtaje, Mama. Nina njaa ya kulisikia jina lake kwa sauti yako. Namkumbuka akipindua matuta, nyasi anazifukia chini, huku akinichokoza, "Gaude, hilo tuta au kichuguu cha mchwa wagonjwa?" Wewe ulitoka na uji wa ulezi ukamwambia atunze pumzi. Ulitufundisha kwamba nyasi huachwa zioze ndani ya tuta, lakini mvua zikianza tuta lazima livunjwe udongo usambazwe, la sivyo ulezi hauoti. Deo tumemfukia hivyo hivyo kwa ukimya wetu, na mvua zimekuja zikapita hatujavunja tuta. Skola amekuwa akiishi juu ya tuta hilo.

Msalimie baba mkubwa. Mwambie simdharau, najua alitaka kutulinda. Msalimie Meri, umwambie namtafutia sweta lake mwenyewe, ingawa huku Tanga wauzaji wananishangaa. Mama mdogo mpe asante yangu kwa mikono miwili. Skola mshike kichwa kama ulivyokuwa unatushika tukiwa na homa, ukae hivyo kidogo, usiseme kitu.

Nitajitahidi nipate ruhusa mvua za kwanza, nije tulime. Nisipoipata, siku mtakapovunja matuta mtajeni Deo, na mimi mnikumbuke.

Mwanao,
Gaudensia