Eda Nyuma ya Chumba cha Picha

Hotelini, Bagamoyo

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Sasa hivi Mosi ametoa kichwa nje ya pazia, akamwambia mgeni wa Kizungu anyamaze, mama yake yuko eda. Mgeni hakuelewa neno, lakini alivua viatu akapita akinyata. Nimecheka, Mama, mara ya kwanza tangu tumzike Shamsudin. Kisha nikaona haya, nikachukua kalamu.

Hali yako? Kifua kimepungua? Na shangazi Tatu, ngiri wamemwachia mihogo? Sisi wazima, twamshukuru Mungu.

Ulituma neno nirudi Mkange, kwamba hoteli si mahali pa mjane kukalia eda, watu wanapita nusu uchi. Nakuelewa. Lakini tangu anioe, mume wangu hakuwa na nyumba nyingine. Hoteli ilimpa chumba hiki na chakula, naye akawachorea na kutundika picha zake hapo mbele, wageni waangalie na kununua. Somoe, dobi wa hapa hotelini, alimwambia meneja kwamba nyumba ya mume ni pale alipolala na mkewe, au alitaka nikae eda mapokezi? Meneja akakubali. Shehe naye alisema vilevile, bila mzaha: nikae pale aliponiacha.

Wamenitendea wema. Ngoma ya Jumamosi wameihamishia upande wa bwawa. Wapishi wananiletea uji. Meneja akija husimama nje ya pazia, hutoa salamu kwanza, kisha humpa Somoe maneno yake aniletee. Alisema nikae mpaka miezi minne na siku kumi iishe, halafu anakuja mchoraji mwingine kutoka Tanga, wameshakubaliana naye, chumba ni chake. Nilikubali. Picha za marehemu wameanza kuzishusha. Nasikia misumari ikitoka ukutani.

Nawe najua umeshanunua kanga na udi wa kunitoa eda. Ndiyo maana mkono wangu mzito. Usije siku hiyo, Mama. Kile kichefuchefu nilichokuambia kuwa ni majonzi, kumbe si majonzi. Somoe aliniona nikitapika, akasema huzuni haichagui kuchukia vitunguu tu, akanipeleka kliniki. Nina mimba. Shamsudin ameondoka hajui. Kwa hiyo eda yangu haiendi tena kwa miezi, ni mpaka nijifungue, na mchoraji wa Tanga atafika kabla.

Somoe anasema ninyamaze mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, meneja aone haya kunitoa. Sitaki. Mtu aliyenihamishia ngoma siwezi kumfanyia ujanja. Akikataa, shehe anasema dharura ina ruhusa yake, nitakuja kumalizia eda kwako. Lakini natumaini, Mama. Natamani mtoto huyu azaliwe humu, rangi za baba yake zingali zinanukia mbaoni. Niombee, nawe ukipata nafasi uje ukae nami siku za kujifungua.

Nisalimie shangazi Tatu na wote wa kisimani. Mosi anakuamkia. Ni mimi mwanao, Mina.

Somoe ananiita. Meneja yuko nje ya pazia, ameshatoa salamu. Leo simpi Somoe maneno, namwambia mwenyewe kwa sauti yangu kwamba mtoto wa Shamsudin yumo tumboni, na naomba azaliwe humu.