Rangi Iliyokwanguliwa Nikiwa Matangani

Ixelles, Ulaya, Jumapili

Maman mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wote unaokula nao hapo Lubumbashi. Goti lako linaendeleaje? Na umeme, umerudi mtaani au mngali mnapikia makaa? Mimi mwilini sijambo. Moyoni ni habari nyingine, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Nikipiga mnaiweka sauti wazi na nyumba nzima inasikiliza.

Ndugu yako Tonton Léonard amekwisha kukupigia, najua. Amekuambia mwanao ametoka kwenye gereji yake bila kuaga, ana kiburi, amejigeuza Mzungu. Nawe ukanitumia ujumbe nikapige magoti. Kwanza sikiliza na upande wangu.

Pale gereji liliingia gari la Madame Odile, mjane wa Schaerbeek, mtaa uleule wa gereji. Si gari la kwendea sokoni. Ni la kizamani, la Kimarekani, ambalo marehemu mume wake alilikata paa akalishusha, akaacha injini wazi bila boneti, akalipaka rangi nyeusi na ndimi za moto ubavuni, lipelekwe kwenye maonyesho watu walishangae. Wenyewe wanayaita hot rod. Moto ule aliuchora kwa mkono wake, enzi za ujana wao. Kwenye mlango wa kushoto ulimi mmoja umepinda, kwa kuwa Madame alimchekesha wakati anapaka, naye akakataa kuusahihisha. Madame alituambia, mimi na Tonton tumesimama pale: tengenezeni breki, tengenezeni injini iwake, rangi msiiguse. Tonton akanishika bega. "Madame, huyu mutoto wa dada yangu ataichunga." Nami nikampa yule mama mkono wangu.

Majira yote ya baridi nilikuwa na gari lile. Nililisafisha kwa pamba na maji ya vuguvugu, kipande kidogo kidogo, uchafu wa miaka ukitoka na wekundu wa moto ukirudi. Tonton akipita ananitania, eti naogesha kichanga. Nilicheka naye, mjinga mimi.

Kisha Papa Kalenga, mzee wetu wa Lubumbashi aliyekuwa akiishi Etterbeek, akafariki. Unajua matanga ya huku hayaishi mpaka mwili upande ndege. Tonton akaniambia, "Bon, mi niko na kazi mingi. Wewe enda ukae kule, famille isipate haya." Ufunguo wa gereji nilikuwa nao mimi. Nikamwachia. Mpwa haondoki na ufunguo wa mjomba wake mfukoni, ndivyo ulivyonilea. Nilipotaka kurudi kazini, wewe mwenyewe ukanipigia: kaa mpaka mwisho, watu wasiseme watoto wangu hawajui kulia na wenzao. Nikakaa. Nikabeba viti, nikakoroga unga nikasonga bukari, nikaimba mpaka sauti ikakauka.

Niliporudi nilisikia harufu ya rangi mbichi tangu barabarani. Gari lilikuwa jekundu lote, linang'aa kama kucha za bibi harusi. Walikuwa wamelipiga msasa mpaka kwenye bati. Moto mpya ubavuni ni wa kubandika, ndimi zote sawasawa. Tonton alikuwa akilipiga picha.

"Mu salon, kule banaonyesha motoka, batu banapenda ya kung'aa," akasema. "Donc sasa jina ya garage yetu itajulikana. Kesho utanishukuru."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia, Maman. Sikujificha.

Madame alikuja. Alilizunguka gari, akafika mlango wa kushoto, akapitisha kidole pale. Akasema ni zuri sana, kwa ile adabu yao, halafu akaomba kiti. Tonton akaanza kumweleza habari za vanishi. Yeye alinitazama mimi tu.

"Ulikuwepo?" akaniuliza.

Nikasema nilikuwa msibani. Akatikisa kichwa, na niliona wazi kwamba hakuniamini.

Alipoondoka nilimwambia Tonton maneno ambayo mpwa hamwambii mjomba. Nilimwambia amemtumia marehemu wa watu kuniondoa njiani. Hakukasirika. Aliendelea kufuta mikono, akanijibu taratibu: "Usiniangalie mi peke yangu. Uliza mama yako. Nilimwambia minataka kupiga ile motoka rangi, na wewe hautakubali. Ni yeye alisemaka, acha, mi nitamushikilia kule."

Nikachukua koti langu nikatoka. Sasa nalala kwa rafiki, hapa Ixelles. Kazi nitapata, mikono yangu ninayo. Usinikumbushe kwamba Tonton ni ndugu yako wa tumbo moja, wala kwamba ndiye aliyenileta Ulaya. Hayo nayajua. Nataka neno moja, na litoke kwako, si kwake: uliponipigia simu ile, ulijua? Ukiniambia hukujua, nitakuamini wewe, na yeye atabaki mwongo mara mbili. Ukiniambia ulijua, sijui nitafanya nini.

Nisalimie dada yangu Béa, anayekukanda goti, na mume wake. Nisalimie Papa mdogo, mwambie viatu alivyoomba nimeviona na vitakuja na msafiri. Bibi mwambie nakula vizuri, usimwambie mengine.

Ni mimi mwanao, niliyekaa matangani mpaka mwisho kama ulivyoniagiza,

Justin